Simu inaonyesha jua tupu: je, tutakuta theluji Lesotho?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu hapa Njoro. Tuko walimu tisa, tumechanga pesa za kwenda Afriski, kituo cha kuteleza kwenye theluji kule Lesotho, shule zikifungwa Agosti. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvaa skii, vile vibao vya kutelezea. Sasa tumeanza kugombana. Simu yangu inaonyesha jua kila siku, digrii 14 mchana, theluji sentimita 0. Kijana anayetupangia safari anasema tuache wasiwasi, usiku baridi inafika digrii 7 chini ya sifuri, kwa hivyo theluji ni "asilimia mia". Mwenzetu mmoja ameshaomba arudishiwe amana yake. Nani yuko sawa?

JIBU: Mwalimu, simu yako haijakudanganya, ila umeiuliza swali lisilo lake. Ile sentimita 0 ni theluji inayotarajiwa kudondoka kutoka mawinguni. Haihesabu theluji iliyolala tayari kwenye mteremko. Milima ya Maluti, ilipo Afriski, hupata sehemu kubwa ya mvua zake kati ya Oktoba na Aprili. Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo miezi yao ya baridi, huwa mikavu. Theluji ya mbinguni huja pale hewa baridi inapopanda kutoka bahari ya kusini, ikaanguka siku moja au mbili, kisha anga likafunguka tena. Mwenye biashara hawezi kungojea hiyo. Ndiyo maana Afriski, kama vilima vingi vidogo vya wanaoanza, hutegemea sana theluji ya mashine: maji husukumwa kwa nguvu pamoja na hewa iliyoshindiliwa, yakarushwa juu kama ukungu, na vitone vikaganda kabla ya kugusa ardhi. Simu haina habari kama mashine hizo ziliwashwa jana usiku au zililala.

Huyo kijana wenu naye amepata jibu lililo karibu na ukweli kwa hesabu mbovu, na hesabu hiyo ndiyo inayonichosha. Eti baridi ikiwa kali, theluji lazima iwepo. Nani aliwafundisha watu hivi? Kila msimu wa baridi natumiwa video kutoka Molo, Ol Kalou au Kericho: shamba limekuwa jeupe, watoto wanarushiana mabonge, na mtu anashangilia kwamba theluji imefika Kenya. Hiyo ni mvua ya mawe, inayozaliwa ndani ya wingu refu la radi, na inaweza kushuka siku ambayo ulikuwa umevua sweta adhuhuri. Mwaka 2008 kilima kizima kule Busara, karibu na Nyahururu, kilifunikwa na barafu ya namna hiyo, na hadi leo wapo wanaoapa ilikuwa theluji. Kwa upande mwingine, asubuhi za Januari pale Mau Narok zinaweza kugandisha nyasi hadi zikalia chini ya kiatu, na hakuna chembe iliyodondoka kutoka juu. Philip Boit, mwana wa Bonde la Ufa aliyeshindana kwa skii kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano 1998, ilibidi apelekwe Finland ndipo ajifunze kuteleza. Baridi ya nyumbani haikumfaa kitu.

Kinachoamua kama mashine zitatengeneza theluji ni baridi na ukavu wa hewa kwa pamoja. Wewe ni mwalimu. Ikiwa shule yenu ina kituo cha hali ya hewa cha somo la jiografia, nenda ukafungue kile kisanduku cheupe chenye miguu minne. Ndani, hata kama mna vingine, tafuta vipimajoto viwili. Kimoja ni kikavu, kingine kimevishwa kitambaa kinachonyonya maji. Kile chenye kitambaa husoma chini zaidi, kwa sababu maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto, kama mtungi unaotokwa jasho ukapoza maji ya kunywa. Hewa ikiwa kavu, tofauti kati ya viwili hivyo ni kubwa. Ikiwa na unyevunyevu mwingi, vinasoma karibu sawa.

Kitone cha maji kinachorushwa na mashine kiko katika hali ya kipimajoto chenye kitambaa. Kwenye mwinuko wa mita 3,000, hewa ikiwa digrii 0 na unyevu asilimia 30, kitambaa kitasoma karibu digrii 5 chini ya sifuri, na hapo mashine zinafanya kazi kwa raha. Acha digrii iwe ile ile 0, lakini ukungu upande unyevu ufike asilimia 90: kitambaa hakishuki hata digrii 1 chini ya sifuri. Mashine zinazimwa, kwa kuwa kitakachotoka ni maji ya kulowesha mteremko. Kwa kawaida waendeshaji hungoja kitambaa kishuke hadi digrii 2 au zaidi chini ya sifuri ndipo waanze, na huifurahia kazi kikifika 5. Kwa hiyo mtu akikupa digrii peke yake bila unyevu, amekupa nusu ya habari na amekutoza bei ya habari nzima.

Sasa rudi kwenye lile jua lililomfanya mwenzenu atake amana yake. Jua hilo ni habari njema. Mchoro wa jua siku saba mfululizo maana yake ni anga wazi, hewa kavu, na usiku ambao ardhi inapoteza joto lake kwenda juu bila wingu la kulirudisha. Wakulima wa majani chai wa Kericho na Nandi wanalijua hili bila kufundishwa na mtu: jalidi iliyounguza mashamba yao Januari 2012 ilikuja katika kiangazi, baada ya mchana wa jua na usiku wa nyota. Lakini mkulima huyo huyo akishika simu na kuona kijua cha njano juu ya jina la mahali pa theluji, anaahirisha safari. Kosa letu ni kuihukumu Julai ya wengine kwa Julai yetu. Hapa Nakuru baridi ya Julai na Agosti huja na mawingu na mvua za alasiri, basi tunadhani baridi na wingu ni ndugu wa tumbo moja.

Hata kuyeyuka hakufuati digrii kama watu wanavyodhani. Mchana wa digrii 8 wenye unyevu wa asilimia 20, kitambaa kinasoma karibu sifuri. Jua litalainisha uso wa theluji, ndiyo, lakini weupe wenyewe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga, na hewa kavu inaendelea kuupoza. Digrii 8 hizo hizo zikija na ukungu mzito ni balaa. Mvuke unapogusa theluji na kugeuka maji huachia joto lake lote papo hapo, na kilo 1 ya mvuke inatosha kuyeyusha kilo 7 za theluji. Ukiniuliza ni mchoro gani wa simu ungenitia hofu, nitakujibu: wingu lenye manyunyu usiku mbili au tatu mfululizo, na joto juu ya sifuri. Huo ndio ungenifanya nipige simu kuuliza habari za amana.

Nikirudi kwenye hizo digrii 14 zako, hakikisha ni za wapi. Programu nyingi, ukiandika jina la mahali padogo, hukupa mji wa karibu, na hapo huenda ni Butha-Buthe, ulio zaidi ya mita 1,000 chini ya mteremko. Mchana, hewa hupoa kwa takriban digrii 6 na nusu kwa kila kilomita 1 unayopanda. Toa basi digrii 7 au zaidi na utakuwa karibu na kweli. Ila usitoe hivyo usiku! Usiku mtulivu hewa baridi ni nzito, hutiririka ikajaa mabondeni, na mara nyingi bonde huamka na baridi kuliko ubavu wa mlima. Zile digrii 7 chini ya sifuri ambazo kijana wenu anazitangaza, kama alizisoma kwenye mji wa bondeni, huenda mteremkoni palikuwa na baridi pungufu. Mwambie akuonyeshe alizitoa wapi.

Neno kuhusu vipimo vya unene. Mteremko ukitangaza sentimita 30, msilinganishe na picha za Ulaya zenye theluji ya kufika kiunoni. Mita moja ya mraba iliyojaa theluji mpya ya mbinguni hadi kimo cha mita 1 ina uzito wa kilo 100 hivi. Ya mashine, iliyosawazishwa na trekta, huzidi kilo 400. Punje zake ni za mviringo, ngumu, zinavumilia jua. Sentimita 30 za aina hiyo zinamtosha kabisa mtu anayejifunza kusimama. Mtakachokiona ni utepe mweupe kwenye mlima wa kahawia. Wengi hufika wakadhani wametapeliwa. Hapana, vilima vidogo vilivyo katika nchi kavu huonekana hivyo.

Na kwa kuwa nyote ni wageni wa skii, saa ina uzito kuliko tarehe. Asubuhi mapema uso umeganda kwa baridi ya usiku, ni mgumu kama sakafu, na anayeanza akianguka ataumia kiganja na makalio. Alasiri umekuwa rojo, skii zinakwama, magoti yanapinda. Kati ya saa nne na saa saba mchana ndipo theluji inapomsamehe asiyejua. Kumbuka pia kwamba mko kusini mwa ikweta: jua la Agosti liko upande wa kaskazini, kwa hiyo mteremko unaotazama kusini ndio unaotunza theluji, na barabara iliyo upande huo ndiyo inayotunza barafu. Njia ya Moteng, mtakayopandia kutoka Butha-Buthe, hupanda hadi mita 2,820, na dereva aliyebobea kwenye matope ya Mau hajabobea kwenye barafu ya kivulini. Pandeni jua likishatoka. Miwani mibebe hata kama mnajiona weusi vya kutosha. Theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho, na rangi ya ngozi haikingi mboni.

Kwa hiyo amana msirudishiwe kwa sababu ya jua. Muulizeni mwenye mteremko wenyewe, wala si wakala, mambo matatu: mashine zilifanya kazi usiku ngapi wiki iliyopita, eneo la wanaoanza limefunguliwa lote au nusu, na kama mvua ikinyesha wanarudisha pesa au wanabadilisha siku. Akiwajibu kwa "asilimia mia" badala ya kujibu, mmeshajua mnashughulika na nani.

Maana hiyo asilimia mia imeanza kuwa ugonjwa, na haijaanzia Lesotho. Kuna watu kwenye vikundi vya WhatsApp hapa Nakuru na kule Kisumu wanaouza utabiri wa siku 30, kijiji kwa kijiji, siku kwa siku. Mkulima wa Njoro ananunua mbegu na kuajiri trekta kwa tarehe aliyopewa. Ukipita siku kumi hivi, hakuna kompyuta duniani inayoweza kukuambia kwa kuaminika kwamba Jumanne fulani itanyesha shambani kwako. Kinachowezekana ni kusema msimu unaelekea kuwa na mvua nyingi au chache. Wazee wa Nganyi, ukoo wa watabiri wa mvua kule Vihiga, ambao wameketi na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kulinganisha utabiri wao wa msimu, wana unyenyekevu kuliko hawa vijana wa michoro ya rangi. Wao huzungumzia msimu.

Na kule Ziwa Victoria mzaha huu unaua. Mvuvi wa Dunga anatazama simu saa kumi na mbili jioni, anaona mwezi mdogo na nyota juu ya neno Kisumu, anaingiza mtumbwi majini. Mchoro ule ni wa mji. Radi za Kericho na Nandi huchemka alasiri, lakini za ziwani huchemka usiku kuelekea alfajiri, nchi kavu ikishapoa na upepo wa pande zote ukakutana juu ya maji yaliyobaki na joto. Anga la Kisumu linaweza kuwa safi kabisa, na huko mbele mawimbi yakawa yanapindua mitumbwi. Anayemwambia mvuvi "leo ni shwari, asilimia mia" kwa kutazama mchoro wa mji hana tofauti na anayeuza dawa bila kumpima mgonjwa. Utabiri wa ziwa upo, unataja upepo na urefu wa mawimbi, na ofisi ya hali ya hewa ya kaunti huutoa bila kumlipisha mtu. Ombeni huo.