Mtoto anachanganya < na >: anzia kwenye kusoma kwa sauti

Mama wa Kisauni, umesema kijana wako wa Gredi ya 6 anaandika 7 < 3, na akiona ≤ ndiyo anapotea kabisa. Tafadhali usimgombeze. Hesabu anaijua, alama tu ndiyo inayomponyoka.

Mwambie upande uliopanuka hutazama nambari kubwa, ncha huelekea ndogo: 7 > 3, 3 < 7. Kisha kila anachoandika akisome kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia. Hapa ndipo penye dawa hasa. Akisoma "saba ni ndogo kuliko tatu", sikio lake litakataa kabla mwalimu hajasahihisha.

Kistari cha chini huongeza "au sawa na". Chukua matatu ya abiria 14. Abiria wakiwa x, basi x ≤ 14: wakifika 14 ni sawa, 15 wamezidi. Akiandika x < 14, kiti kimoja kitabaki tupu bila sababu.

Nambari hasi ndizo huwatesa wengi, hata wakubwa. 5 > 3, lakini −5 < −3. Mchoree mstari wa nambari. Iliyo kulia ndiyo kubwa, siku zote.

Baadaye, kwenye aljebra, ajue kwamba kugawanya au kuzidisha pande zote mbili kwa nambari hasi hugeuza alama: −2x < 6 huwa x > −3. Asikariri tu. Aweke x = 0, kisha x = −4, ajionee ipi inakubali.