Zege bado bichi, boti inangoja: majibu kwa wanaojenga Dodoma

Nimemwaga zege la jamvi, yaani sakafu ya chini ya nyumba, Ijumaa. Familia inataka twende bwawa la Mtera Jumamosi tupande boti jioni. Nikiliacha siku nzima litaharibika? (Nkuhungu)

Nenda, ila liachie maji ya kutosha. Saruji hushikana kwa kunywa maji, na siku 7 za mwanzo ndizo zinazoamua ugumu wake. Kwa upepo wa Dodoma, hasa Julai hadi Septemba, maji uliyomwaga alfajiri yanaweza kuisha kabla ya adhuhuri. Uso ukikauka mapema unapata nyufa nyembamba, na baadaye sakafu inatoa vumbi kila ukifagia.

Kabla ya kuondoka, zungushia jamvi vituta vya mchanga au udongo vya sentimita 5, uligawe kama majaruba ya mpunga, kisha jaza maji ya kina cha sentimita 3. Kila mita 10 za mraba zitakula lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Kama maji unanunua kwa boza, tumia njia ya bei nafuu: tandaza magunia yaliyolowa chepechepe, funika kwa nailoni, weka tofali kwenye kingo ili upepo usiifunue. Nailoni iliyofunuka kona moja ni sawa na hakuna.

Plasta ya ukutani ni habari nyingine. Haituamishi maji, inataka kunyunyiziwa mara kadhaa kwa siku. Kama umepiga plasta jana, muombe jirani au mwachie fundi kazi hiyo, au safari isubiri.

Tutoke na boti saa ngapi ili tuone jua likizama? (Area D)

Swali lenyewe lina mtego. Mei na Juni jua huzama karibu saa 12:30 jioni. Mwishoni mwa Januari linakaribia saa 1 usiku. Baada ya hapo mna kama dakika 20 za mwanga wa kuonea njia, basi. Kwa hiyo ingieni majini saa 10:30 na muwe mmefika nchi kavu jua likiwa bado linaonekana. Machweo yatazameni mkiwa ufukweni. Ni yale yale.

Sababu ni kiboko. Mchana hukaa majini, magharibi ikiingia hutoka kwenda kula majani. Boti inayopita kati yake na kina kirefu, au kati ya mama na ndama, anaiona kama adui na anaweza kuipindua. Mkiona vichwa, msisogee kwa ajili ya picha. Zungukeni mbali, bila kuwakatia njia ya kwenda kwenye kina kirefu. Mamba nao wapo, kwa hiyo mikono na miguu ibaki ndani ya boti.

Nitajuaje kama boti ni salama? Mwenye boti anasema kila kitu kipo sawa. (Kisasa)

Atasema hivyo kila siku. Kwanza maboya: kila abiria na lake, likiwa limevaliwa kabla ya boti kusukumwa. Boya lililokaliwa kama mto halitamsaidia mtu aliyetupwa majini. Funga mikanda yote, nyanyua mikono juu, mtu mwingine avute mabega ya boya. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu, vinginevyo atachomoka chini yake.

Pili mafuta. Gawa tanki mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la akiba. Mashine ya boti inayotumia petroli iliyochanganywa na oili, kwa uwiano wa 50 kwa 1, inataka mililita 200 za oili katika lita 10 za petroli. Ikikosa oili, pistoni inakwama katikati ya bwawa.

Tatu, mashine ikiwashwa tazama nyuma: lazima kuwe na uzi wa maji unaorushwa kama mkojo. Usipotoka, maji ya kupooza hayazunguki, na mara nyingi ni majani au tope limeziba. Mwambie azime. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine iwe imefungwa kwenye mkono wa nahodha. Wengi huiacha ikining'inia kwenye mashine, na akidondoka yeye, boti inaendelea na safari bila dereva.

Kuhusu Mtera yenyewe: kina hubadilika sana. Bwawa likijaa maji huwa mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Tofauti ya mita 8.5 ina maana kisiki ambacho mwezi wa Mei kiko chini kabisa, Oktoba kinaweza kugusa pangaboi. Kiangazi mwambie nahodha aende polepole, na mtu mmoja akae mbele akitazama maji. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mwachie mtu wa ufukweni saa mtakayorudi.

Bwawa la Hombolo ni karibu zaidi. Watoto wanaweza kuchezesha miguu majini? (Ihumwa)

Hapana. Maji yasiyo ya chumvi yaliyotulia, yenye majani na konokono, ndiyo makazi ya kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Kujifuta haraka si kinga ya kutegemea. Kama wameshaingia, wapelekwe kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8, maana kipimo cha mapema kinaweza kukosa mayai. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hupangwa kwa uzito au urefu.

Naweza kufunga nyumba niende, milango ikiwa na vanishi mbichi? (Makulu)

Acha wazi madirisha ya upande usiopigwa na upepo, vanishi ipate hewa bila vumbi. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike stoo: hupata joto yenyewe na kuwaka. Yaloweke kwenye ndoo ya maji, uiache nje.