Nondo wa Portland mbili

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Naishi Portland, Maine, mashariki mwa Marekani. Usiku mmoja wa mwezi wa sita nimekuta nondo mkubwa kuliko kiganja changu amejibandika ukutani, chini ya taa ya baraza. Intaneti inanipa majina mawili: Hyalophora cecropia na Hyalophora columbia. Kaka yangu aliyeko Portland ya Oregon anasema hata kwao yupo huyuhuyu. Ni yupi? Nimemwekea maji ya sukari, hayagusi. Picha naambatisha.

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kuweka kizibo cha soda kando yake, kimenipa kipimo. Huyo ni cecropia. Tazama mstari mweupe unaokatiza mabawa yote manne: upande wake wa nje umepakana na utepe mpana wa rangi ya tofali. Columbia hana utepe huo. Hapo kwake ni kahawia iliyokolea tu. Tena ni mdogo, sentimita 8 hadi 10 bawa kwa bawa, ilhali cecropia hufika 15.

Mahali peke yake pasingetosha kuamua, maana Maine wote wawili wapo. Columbia hufuata mti wa tamaraki, kwa hiyo utamkuta kwenye vinamasi, kuanzia Maziwa Makuu (ya huko, si yetu) hadi mashariki mwa Kanada. Cecropia si mchaguzi. Kiwavi wake hula majani ya mcheri, mtufaha na miti mingine mingi ya mitaani, ndiyo maana huja hadi barazani kwa watu. Ameenea toka Nova Scotia hadi Florida, na upande wa magharibi hukomea Milima ya Rocky.

Kwa hiyo kaka yako kachanganya. Wa Oregon, ng'ambo ya milima hiyo, ni ndugu yake, Hyalophora euryalus, wa pwani ya Pasifiki kuanzia British Columbia hadi Baja California. Mabawa yake yamewiva wekundu wa mvinyo, na doa jeupe la bawa la nyuma limerefuka hadi karibu liguse mstari.

Maji ya sukari mwaga tu. Nondo huyu akishakomaa hana kinywa cha kulia. Anaishi wiki moja au mbili kwa akiba aliyojiwekea akiwa kiwavi. Na kwa papasi zake (vile vipembe vya kichwani) nyembamba na tumbo lile lililotuna, wako ni jike. Madume hunusa harufu yake kutoka zaidi ya kilomita moja. Usiku wa leo zima taa ya baraza, isije ikawapoteza njiani.