Usiku chakula tukiweke wapi kwenye milima yenye dubu?

SWALI

Kaka, habari za huko milimani? Naandika kutoka Boise, Idaho. Mwezi wa nane tunataka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Glacier, Montana: mimi, mke wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Siku mbili tutalala kambi ya kando ya barabara, siku moja tutatembea kwa miguu na kulala ndani porini. Nimezaliwa Moshi na nimekuwa mpagazi Kilimanjaro miaka mitatu, kwa hiyo hema na baridi havinitishi. Kinachonitisha ni dubu. Nikifunga chakula vizuri kwenye mifuko ya plastiki, nikakiweka hemani na kufunga zipu, si kitakuwa salama? Ninunue bastola, au ile dawa ya pilipili inatosha? Mke wangu naye amesikia kwamba mwanamke aliye katika siku zake asiende huko. Ni kweli?

JIBU

Salama, ndugu yangu. Nianze na hema, maana hapo ndipo sisi tuliotoka nyumbani tunapokosea. Kabla sijaja huku nimelaza wageni Serengeti miaka mingi, na kule kila mmoja anajua: ingia hemani, funga zipu, simba atapita zake. Dubu haendi hivyo. Huyu anaongozwa na pua, na akishanusa chakula, kitambaa cha hema kwake ni kama ganda la ndizi. Mfuko wa plastiki nao haufichi harufu. Kwa hiyo hapana, hemani kisiingie chakula, hata karanga moja. Safari hii ianze kupangwa jikoni; habari ya silaha tutaifikia.

Na ninaposema chakula, nina maana ya kila kinachonukia. Dawa ya meno, sabuni, mafuta ya nazi, dawa ya kuchua, mafuta ya midomo, sufuria hata kama imeoshwa, takataka, na ile fulana uliyovaa ukigeuza nyama motoni. Mgeni wangu mmoja alikagua begi lake mara mbili, akasahau pipi moja ya kikohozi kwenye mfuko wa jaketi. Usiku tukasikia kitu kinakwaruza. Asubuhi mfuko wa jaketi una tundu la mviringo, pipi haipo, karatasi yake imeachwa pale pale. Alikuwa kindi. Tulicheka, lakini tangu siku hiyo kila mgeni anapindua mifuko yake yote mbele yangu kabla ya kulala, hata mzee wa miaka sabini.

Kambi ya kando ya barabara ni rahisi. Vyote hivyo vinakaa ndani ya gari, vioo vimepandishwa na milango imefungwa, au kwenye sanduku la chuma la kambi kama lipo. Sheria ya hifadhi haiangalii usiku tu. Mkitoka mezani kwenda kuchota maji, chakula kinarudi garini kwanza. Boksi la barafu lililoachwa mezani, hata likiwa tupu, linaweza kukuletea askari wa hifadhi na faini.

Kambi ya ndani inahitaji kibali, na Agosti vibali vinagombaniwa, kwa hiyo usisubiri mpaka Julai. Uzuri wake ni kwamba Glacier wameshakupangia: mahema mahali pake, pa kupikia na kulia mbali nayo, na pa kutundika chakula. Fika, pika, kula, osha, tundika, ndipo upande kwenye hema na nguo nyingine. Kutundika maana yake ni mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita 1 kutoka kwenye mti au nguzo, kwa hiyo beba kamba ndefu. Ukienda siku nyingine mahali ambapo kambi haijapangwa, acha mita 90 hivi kati ya jiko na hema.

Mimi siku hizi chakula nakiweka kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha. Linazidi kilo moja, na mpagazi kama wewe utalilaani kwenye mlima wa kwanza. Lakini limejaribiwa na wenyewe: kwenye kituo kimoja cha wanyama huko West Yellowstone, Montana, makopo hujazwa chakula na kutupiwa dubu, na lisiloweza kustahimili dakika 60 za meno na kucha halipati cheti. Liweke chini, mbali na mto na genge, wala usilifunge kamba. Dubu atalivingirisha akichoka ataliacha. Likiwa na kamba, ataondoka nalo.

Menyu sasa. Dagaa waache Boise, nakuomba. Nyama choma kuleni kwenye kambi ya barabarani, lakini mafuta yakidondokea majivu, harufu inabaki pale kwa wageni watakaofuata. Kwa kambi ya ndani chukua unga, tambi, maharage yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa, karanga. Pima ugali mtakaoumaliza. Makombo hayachomwi wala hayafukiwi. Maji ya kuoshea vyombo yachujwe, na kilichobaki kwenye chujio kiingie kwenye takataka mnazorudi nazo.

Swali la mkeo lina historia yake hapo hapo Glacier. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1967, wasichana wawili wa miaka 19 waliuawa na dubu wawili tofauti, mahali pawili tofauti, usiku mmoja. Tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1910 hakuna aliyekuwa ameuawa na dubu humo. Watu wakatafuta sababu, na hedhi ikatajwa. Jambo lililokuwa wazi zaidi ni kwamba mahali pamojawapo, kwenye nyumba ya wageni ya Granite Park, mabaki ya chakula yalikuwa yakimwagwa nje na wageni wakikaa kutazama dubu wanavyokula, na kwamba kule Trout Lake kulikuwa na dubu aliyekwisha kuzoea kuvamia kambi. Hedhi imechunguzwa tangu hapo, na haijapatikana kuwa inawavuta dubu hawa wa Glacier. Aende bila hofu. Pedi zilizotumika zifungwe kwenye mfuko na zilale pamoja na chakula.

Bastola iache. Sheria inakuruhusu kuibeba hifadhini, ila kumpiga risasi dubu anayekuja kwa kilomita 55 kwa saa ni kazi ya mtu mwingine, na dubu aliyejeruhiwa ni balaa jipya. Nunua dawa ya pilipili ya kupulizia dubu, si ile ndogo ya kujikinga na wezi. Kila mtu mzima na kopo lake, kiunoni au kifuani. Ndani ya begi halina faida. Mazoezi fanyeni nyumbani: chomoa, toa kizuizi kwa kidole gumba, elekeza chini kidogo, puliza akiwa mita 9 hivi, ili aingie mwenyewe kwenye wingu. Watu wengine huipulizia hema kama dawa ya mbu. Usifanye hivyo, ikishakauka, harufu yake humvuta dubu aje kuchungulia.

Njiani watoto wawe katikati, na pigeni kelele, hasa kwenye kona, kando ya mto unaonguruma, na kwenye vichaka vya huckleberry, matunda ya zambarau ambayo dubu huyafuata mwezi huo huo mtakaofika. Mimi naita "Hodi! Hodi!" na kupiga makofi. Wamarekani wana wito wao. Dubu hajali lugha.

Mkikutana naye, hakuna kukimbia, na hili mwambie wa miaka 9 kila siku mpaka lichoshe. Simameni pamoja, ongea taratibu, rudini nyuma. Akiwa grizli, yule dubu mkubwa mwenye nundu mabegani, ameshtuka na kukufikia licha ya dawa, lala kifudifudi, begi mgongoni, vidole vimefungamana nyuma ya shingo, tulia mpaka aondoke. Dubu mweusi akikushambulia, pigana. Rangi isikudanganye, wapo dubu weusi wenye manyoya ya kahawia. Na yeyote atakayekujia hemani usiku, awe wa aina gani, pigana naye, kwa hiyo tochi na dawa vilale karibu na mkono wako.

Wakati wa kurudi, usiache makopo ya dawa kwenye gari lililoegeshwa juani. Hupasuka, na gari hilo hutalipanda kwa siku kadhaa.