Kupanga Yachimata, kazi Tokyo?

Ndugu yangu, umeuliza kama upange Yachimata, mkoani Chiba, huku kazi iko Tokyo, maana kodi ni nafuu. Kama unaingia ofisini kila siku, mimi ningesita: treni ya Sobu itakula zaidi ya saa moja, kwenda tu. Kazi ingekuwa Chiba mjini, sawa, ni nusu saa hivi.

Yachimata iliitwa rasmi jiji mwaka 1992, ila bado ni mashamba. Karanga zake zinajulikana Japani nzima. Msimu wa vuli utaona marundo yakikauka shambani, na mbichi za kuchemsha, wee, utakaribia kusahau za nyumbani. Machipuko upepo hubeba udongo wa mashamba, kwa hiyo usianike nguo nje. Na bila gari utateseka.