Maswali ya Wasomaji: Kromosomu na Saratani kwa Watoto

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka 2 ana Down Sindromu, yaani alizaliwa na kromosomu (uzi wa kurithi) moja ya ziada. Nasikia watoto hawa hupata saratani ya damu. Kila akipauka tunaambiwa malaria. Tufanyeje? – Bibi, Masasi

JIBU: Shikamoo, bibi. Ni kweli, hatari yao ni mara 10 hadi 20 ya watoto wengine. Lakini ugonjwa wenyewe ni adimu, hivyo walio wengi hawaupati kabisa.

Kuweni macho zaidi kabla hajafikisha miaka 5. Aina inayowaandama umri huo mara nyingi hutanguliwa na kushuka kwa chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Hapo ndipo malaria inapotuchanganya, kwani nayo huzishusha, humpausha mtoto na kumletea homa. Tena kipimo cha haraka huweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kwisha! Kwa hiyo akimaliza dawa mseto na viganja vyake bado ni vyeupe, msikubali dozi nyingine kwa kipimo hicho pekee. Ombeni slaidi ya malaria pamoja na FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), na damu itazamwe kwa darubini, maana mashine huweza kutozitambua chembe changa za saratani. PLT (idadi ya chembe sahani) ikisoma chini ya 150, daktari aeleze sababu na kipimo kirudiwe malaria ikishapona. Majibu ya zamani msiyatupe. Kushuka polepole huonekana kwa kulinganisha.

Msingoje marudio mkiona fizi zinatoa damu, tumbo linavimba, mtoto aliyekuwa akitembea anagoma kusimama, au vidoa visivyofifia vikibonyezwa. Ngozi nyeusi huvificha, kwa hiyo chungulieni nyayo na ndani ya mdomo. Aspirini asipewe. Siku hiyohiyo apelekwe hospitali ya Ndanda au Ligula. Saratani ikithibitika, atapewa rufaa kwenda Muhimbili. Aina hii husikia dawa vizuri kuliko kwa watoto wengine, hivyo kuchelewa ndiko kubaya.

SWALI: Binti yangu wa miaka 13 ana Turner, yaani kasoro ya kromosomu X. Naye yumo hatarini? – Mama, Lindi

JIBU: Inategemea karatasi ya majibu ya kipimo cha kromosomu, mama. Ikiwa ni 45,X tupu (kromosomu 45, X moja tu), hofu hiyo ni ndogo. Ikitajwa Y, yaani kromosomu ya kiume, mfano 45,X/46,XY, uvimbe huweza kuota kwenye vifuko vya mayai, na kwa kawaida madaktari hushauri viondolewe kabla haujaota. Muulize daktari kama Y ilitafutwa.