Choo baada ya kutolewa utumbo mpana

Pole na kuuguza, dada. Umeuliza kama mdogo wako, aliyetolewa utumbo mpana wote kwa sababu ya kolaitisi (ugonjwa wa uvimbe na vidonda vya utumbo mpana), atakwenda choo kama zamani akishatengenezewa kifuko cha ndani. Kama zamani, hapana. Ila wengi huishi nacho vizuri tu.

Madaktari hukunja mwisho wa utumbo mwembamba uwe kifuko, wakauunga na njia ya haja kubwa. Miezi ya kwanza ni tabu: choo majimaji, mbio za kila saa, ngozi inawaka (mafuta ya zinki yanasaidia mno). Kifuko kikitanuka, ndani ya mwaka hivi, wengi hutulia kwenye mara 4 hadi 8 kwa siku, pengine moja usiku. Choo kuwa kigumu kama zamani sahau, maana utumbo mpana uliokuwa ukifyonza maji haupo.

Tatizo linalowapata watu sana baadaye ni kifuko kuvimba. Karibu nusu yao kifuko huvimba angalau mara moja, kwa kawaida antibayotiki hutuliza. Wachache hurudia mfuko wa nje, ule wa kukusanyia choo tumboni. Na kama bado anataka kuzaa, amuulize daktari mapema, kwani makovu ya nyonga huweza kuchelewesha mimba.